Chokaa NHL 3.5 kwenye kuta zilizopigwa na vita: inafaa wapi, inaharibu wapi

Gunia linalopendekezwa siku hizi karibu kila penye mradi wa kukarabati majengo ya kale baada ya vita ni la chokaa asilia ya haidroliki, lililoandikwa NHL 3.5. Ni bidhaa nzuri. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano tumeikata kwa sababu mbili: namba yake inapotosha wanunuzi, na yenyewe haipendi haraka, ilhali ujenzi wa baada ya vita karibu wote unakimbizana na tarehe ya uzinduzi.

Tuanze na namba. Chokaa hii hutokana na mawe ya chokaa yenye udongo na silika ndani yake, yanayochomwa kwa joto dogo kuliko la saruji (klinka ya saruji hutaka nyuzi 1450 hivi), kisha yanazimwa kwa maji. Silika hiyo ndiyo inayoifanya igande hata penye unyevu. Chokaa ya kawaida haina uwezo huo. Yenyewe hukomaa polepole kwa kufyonza kaboni dayoksaidi iliyo hewani. Sasa, 3.5 ni kima cha chini cha nguvu ya mbano kwa megapaskali baada ya siku 28, kwenye kipande cha maabara. Kiwango cha Ulaya EN 459-1 kinairuhusu NHL 3.5 ifike hadi 10. NHL 2 inaruhusiwa hadi 7, na NHL 5 hadi 15. Kwa hiyo 3.5 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa ngumu kuliko 5 ya kiwanda kingine, na anayechagua kwa kusoma namba tu anabahatisha. Dai karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Angalia nguvu halisi ya siku 28 na, ikiwapo, ya siku 90 na ya mwaka mzima, kwa sababu mota hii huendelea kukomaa muda mrefu baada ya zile siku 28.

Kipimo kingine kisichotazamwa sana ni kiasi cha chokaa huru, ile inayoipa mota ulaini na kuuacha ukuta upumue. Kiwango kinataka angalau asilimia 35 kwenye NHL 2, 25 kwenye NHL 3.5 na 15 kwenye NHL 5. Ukuta wa matofali laini yaliyochomwa kwa joto dogo, au wa jiwe linalomomonyoka ukilikwaruza kwa ukucha, uchukue NHL 2. NHL 3.5 ni ya mawe ya ugumu wa kati na matofali mazima. NHL 5 iachiwe misingi, vichwa vya kuta, na mahali panapopigwa na maji mara kwa mara.

Zabuni nyingi huharibika kwenye maneno haya: "NHL 3.5 au inayolingana nayo." Mkandarasi ataleta gunia lililoandikwa HL, na kwa macho yake zinalingana. Hazilingani. HL inaruhusiwa kuwa na saruji na viungo vingine bila gunia kusema chochote. Ipo pia FL, yaani chokaa ya kuchanganywa, ambayo angalau hulazimika kutaja kilichomo. Andikeni kwenye mkataba: NHL pekee kwa mujibu wa EN 459-1, bila saruji wala nyongeza, na karatasi ya vipimo ya kila shehena ifike kabla ya shehena yenyewe.

Kwa nini tunaikwepa saruji? Mota yake ni ngumu kuliko jiwe la kale na haipitishi mvuke wa kutosha. Unyevu uliomo ukutani hukosa njia ya viungo, unatokea kwenye jiwe au tofali, unaacha chumvi zake humo, na baada ya miaka michache uso wa jiwe unabanduka huku viungo vya saruji vimebaki vimejitokeza. Ukuta ukitikisika, mota laini hupasuka yenyewe na kuziba polepole. Ya saruji huipasua tofali. Kisha kuna hasara inayosahaulika: tofali lililoshikwa na saruji haliwezi kutolewa zima likatumika tena.

Kabla ya kununua gunia lolote, ujue umeshika ukuta wa aina gani. Hapa ndipo muda unapaswa kutumika.

Eneo likaguliwe kwanza na wataalamu wa kutegua mabomu, tena kabla drili haijagusa ukuta, kwani kombora lisilolipuka laweza kuwa limekaa ndani ya unene wa ukuta au chini ya kifusi. Baada ya hapo tafuteni vipande vya chuma vilivyozama kwenye jiwe kwa kifaa cha kutambua metali, mvitoe vyote. Chuma kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe kutoka ndani, hata kama tundu limezibwa vizuri. Parthenon ya Athens ni funzo la wazi. Mlipuko wa mwaka 1687 uliibomoa, ukarabati wa mwanzoni mwa karne ya 20 ukafunga marumaru kwa vibano vya chuma, na kutu ya vibano hivyo ikaanza kuipasua marumaru ile ile iliyokuwa imenusurika. Kazi iliyoanza mwaka 1975 imekuwa, kwa sehemu kubwa, ya kung'oa vyuma hivyo na kuweka titani.

Moto nao una alama zake. Jiwe lenye madini ya chuma hugeuka la waridi au jekundu kuanzia nyuzi 250 hadi 300 hivi. Toboa tundu dogo kwa drili ya milimita 6, taratibu, ukitazama rangi ya vumbi: pale wekundu unapoisha ndipo joto hilo lilipoishia. Jiwe la mchanga lina hatari yake kwenye nyuzi 573, ambapo kwatsi iliyomo hubadili umbo na kuvimba ghafla, jiwe likajaa nyufa zisizoonekana kwa macho. Jiwe la chokaa likifika nyuzi 800 hivi huanza kugeuka chokaa mbichi; maji ya zimamoto au mvua ya kwanza yakiifikia, inazimika, inavimba, na uso unaporomoka. Pitia ukuta mzima kwa nyundo ndogo. Jiwe zima hulia. Lililokufa hutoa sauti bubu. Mota yoyote itakayopakwa juu ya tabaka lililokufa itaanguka pamoja nalo, na lawama itaiendea chokaa.

Jasi ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Katika miji kama Mosul, nyumba nyingi za kale zilijengwa kwa mota ya jasi. Jasi ikikutana na maji pamoja na alumineti (misombo ya alumini) zilizomo kwenye chokaa ya haidroliki, hutokea fuwele zinazoitwa etringaiti, na fuwele hizo huchukua nafasi kubwa kuliko vilivyozizaa. Penye baridi na unyevu wa kudumu huweza kuja fuwele nyingine, thaumasiti, ambayo hulainisha mota hadi ikawa tope. Lipu nzuri ya leo inaweza kutuna na kubanduka baada ya masika mawili, na hakuna aliyekosea kuichanganya.

Kipimo cha uwanjani ni rahisi. Chukua kipande cha mota ya kale, kisage, kidondoshee asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa hadi asilimia 10, ukiwa umevaa glavu na miwani. Chokaa hutoa povu jingi. Jasi safi haitoi. Povu hafifu ni dalili ya mchanganyiko, na hapo sampuli iende maabara. Penye jasi, tumia jasi kama walivyofanya waliojenga. Ikilazimu kutumia NHL, tafuta yenye alumineti chache kabisa na utenge sehemu ndogo ya majaribio ikae majira yote ya mwaka.

Kuta za udongo hazihitaji maelezo marefu: NHL isiguse. Makaburi ya mawalii ya Timbuktu yaliyobomolewa mwaka 2012 yalijengwa upya na mafundi wa hapo hapo kwa udongo na mawe yao, kazi ikakamilika 2015, na kila msimu udongo unaweza kupakwa tena na mikono ile ile. Ganda gumu la chokaa ya haidroliki juu ya udongo laini hujitenga, maji yakaingia nyuma yake, ukuta ukaloa bila mtu kuona.

Sasa mchanga, ambao una sauti kubwa kwenye matokeo kuliko mtengenezaji wa chokaa. Uwe mkali wenye chembe za ukubwa tofauti, kuanzia laini hadi milimita 4, na usitoke ufukweni. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha utulie kwa saa kadhaa. Tabaka la tope juu likizidi asilimia 5 au 6 ya kina cha mchanga, uoshwe au ukataliwe. Tope likizidi, mota husinyaa na kupasuka, kisha mafundi huongeza chokaa wakidhani ndiyo dawa, na inapasuka zaidi.

Uwiano haukaririwi, mchanga wenyewe ndio unaoutoa. Jaza chombo cha lita moja kwa mchanga mkavu kabisa, ugonge utulie, kisha mimina maji yaliyopimwa mpaka yachungulie juu. Yakiingia mililita 330, mchanga huo unataka sehemu moja ya chokaa kwa tatu. Yakiingia 400, moja kwa mbili na nusu. Mara nyingi utaangukia hapo katikati. Pima kwa ndoo, usipime kwa chepe, kwa kuwa chokaa ni nyepesi na chepe moja haifanani na nyingine. Gunia la kilo 25 huwa na lita 30 hadi 40 kutegemea kiwanda, kwa hiyo "gunia moja kwa ndoo kadhaa" haina maana mpaka gunia lenyewe lipimwe.

Hesabu ya vifaa iwe hivi. Ukuta wa mita za mraba 40, lipu ya milimita 20, ni lita 800. Ukuta uliopigwa una mashimo, ongeza robo: lita 1000, yaani mita moja ya ujazo. Chokaa hujaza nafasi zilizo kati ya chembe, hivyo mota ya mita moja ya ujazo hula karibu mita moja ya ujazo ya mchanga, na kwa uwiano wa moja kwa mbili na nusu, lita 400 za chokaa. Hizo ni magunia 10 hadi 14. Mkandarasi akiagiza matano, ujue pengo litazibwa na kitu kingine.

Kuchanganya: weka sehemu ya maji na nusu ya mchanga, kisha chokaa yote, halafu mchanga uliobaki. Mashine izunguke dakika 10 kamili. Mwanzoni mota itaonekana kavu, na hapo ndipo kijana wa mashine anapomimina maji zaidi. Azuiwe. Dakika chache baadaye italainika yenyewe. Iache dakika 15 hadi 20, ichanganywe tena, ndipo ipelekwe jukwaani. Maji ya ziada yakikauka huacha matundu na nyufa.

Viungo vya kale vichimbwe kwa tindo na nyundo hadi kina mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 20. Grainda ni haramu kwenye viungo vyembamba. Ikiteleza, inakata kingo za matofali na kovu lake halifutiki. Piga brashi, osha, lowesha ukuta siku moja kabla na tena saa moja kabla ya kazi. Uwe na unyevu bila kung'aa maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya mota kabla chokaa haijaganda, na mota inabaki unga.

Lipu ianze na tabaka la kurushwa la milimita 3 hadi 5, gumu kidogo na lenye uso wa kukwaruza. Tabaka la katikati liwe milimita 10 hadi 15, la mwisho 5 au 6. Kila tabaka lisiwe na nguvu kuliko lililo chini yake, na kati ya tabaka na tabaka pita wiki moja hivi. Likianza kukaza, ligandamize kwa mwiko wa mbao kufunga nyufa za kusinyaa. Mwiko wa chuma hupandisha chokaa juu na kufunga uso. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 au kuzidi 30, simamisha. Penye theluji, kazi ya nje imalizike angalau wiki 6 kabla ya baridi kali.

Kutunza ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na mbovu. Ning'iniza magunia ya katani mbele ya ukuta, yasiuguse, yaloweshwe kwa siku 7 au zaidi, turubai likinge jua, upepo na mvua. Malalamiko mengi dhidi ya chokaa hii ni ya kukauka mapema. Pitisha kidole: ukitoka na vumbi jeupe, kuganda kulisimama njiani. Kunyunyizia maji siku za mwanzo huweza kusaidia. Baada ya hapo lipu kwa kawaida hung'olewa. Madoa meupe yanayotiririka yanatokana na mvua iliyoosha chokaa kabla haijashika. Hayo ni ya sura tu, ikiwa mota iliyo chini yake ni ngumu.

Kwa nyufa za ndani, zile zinazoachwa na mtikisiko wa mabomu kwenye kuta nene zenye kifusi katikati, NHL hutumika kama uji wa kudunga. Toboa matundu ya milimita 12 hadi 20, kila baada ya sentimita 30 hadi 50, yakielekea chini kidogo. Osha kwa maji kutoka juu, ukitazama yanatokea wapi, na ziba mianya hiyo kwa udongo wa mfinyanzi. Dunga kuanzia tundu la chini hadi uji utokee kwenye tundu linalofuata, ndipo uhamie juu. Mgandamizo usizidi baa moja, na usipande zaidi ya mita moja kwa siku. Uji mzito uliosimama ndani ya ukuta uliolegea husukuma uso wa nje, na kuta zimewahi kufumuka namna hiyo. Tena, ukuta uwe umeshaezekwa, hata kwa bati la muda. Kudunga ukuta unaonyeshewa ni kazi bure.

Kifusi chenyewe kina thamani. Warsaw ilijengwa upya kwa matofali mengi yaliyookotwa kwenye magofu, na mji wake wa kale ukaingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980. Vumbi la matofali yaliyochomwa kwa joto dogo hufanya kazi ya pozolana, yaani unga unaoiwezesha chokaa kuganda hata penye unyevu, likichanganywa na chokaa ya kawaida iliyolazwa kwenye maji, na mchanganyiko huo mara nyingi huweza kuchukua nafasi ya NHL iliyosafirishwa kutoka mbali. Ila kifusi kichambuliwe: jasi itolewe kwa sababu zilizotajwa, asbesto ishughulikiwe na wenye vifaa, na matofali yaliyoungua hadi kung'aa yatengwe, kwani hayana tena uwezo huo.

Kuhusu mazingira, madai ya wauzaji yapunguzwe kidogo. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zikichomwa hutoa kilo 44 za kaboni dayoksaidi, iwe tanuri ni la chokaa au la saruji. NHL hutumia mafuta machache na hurudisha sehemu ya gesi hiyo, lakini ni hasa kupitia ile chokaa huru, na kwa miaka. Meli na malori yanaweza kumaliza faida hiyo. Faida isiyobishaniwa ni ukuta unaodumu, na matofali yanayoweza kufunguliwa na kutumika tena vizazi vijavyo.

Matundu ya risasi si lazima yazibwe yote. Neues Museum ya Berlin, iliyoharibiwa na mabomu mwaka 1943 na 1945, ilifunguliwa tena 2009 ikiwa na makovu yake, na haipungui uzuri. Tundu lisilotuamisha maji liache. Linalotuamisha, jaza kwa mota ya NHL 2 yenye mteremko wa kutoa maji nje, kingo za jiwe zikiachwa zilivyo.

Ukipokea shehena, soma tarehe ya kutengenezwa. Gunia lililofungwa vizuri mahali pakavu hukaa hadi mwaka. Lililoshika unyevu hupoteza nguvu yake ya haidroliki hata kama halina mabonge, na kubaki chokaa ya kawaida. Weka magunia juu ya mbao, mbali na kuta. Kutoka kila shehena toa kilo moja, ifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, iandike namba ya shehena na sehemu ya ukuta ilikotumika, ikae pamoja na karatasi za mradi. Lipu ikitoa ufa mwaka wa tatu, sampuli hiyo ndiyo itakayoonyesha kama tatizo lilikuwa gunia, mchanga au jua.